Stourhead ya Henry Hoare: mjukuu kwa binti alipataje jina la babu yake?

Swali

Ndugu wanajukwaa, ninachora mti wa ukoo wa Henry Hoare (1705–1785), mwenye Stourhead katika jimbo la Wiltshire, Uingereza, yule aliyezuia maji bondeni yakawa ziwa na kulizungushia mahekalu ya mtindo wa Kirumi. Wanawe wa kiume walifariki kabla yake, na shamba likaenda kwa mjukuu wake, Richard Colt Hoare (1758–1838), ambaye vyanzo vyote vinamtaja kuwa mtoto wa binti yake, Anne. Kwa desturi ya Waingereza mtoto hubeba jina la ukoo wa baba. Je, kijana huyu alibadili jina ili arithi, kama walivyofanya wengi zama zile?

Jibu la kwanza

Hakubadili chochote. Anne aliolewa na Richard Hoare, mtoto wa ami yake. Baba wa bwana harusi, Sir Richard Hoare, aliyechaguliwa kuwa Meya wa London mwaka 1745, alikuwa ndugu yake Henry. Na baba wa wote wawili ni Henry Hoare mkubwa, aliyenunua ardhi ya Stourton, ndiyo iliyokuja kuitwa Stourhead, mwaka 1717 na kumpa Colen Campbell kazi ya kuchora nyumba mpya. Ndoa ya namna hii haitamshangaza mtu wa pwani yetu, lakini kwenye mti wako matawi mawili yanarudi kukutana, kwa hiyo hakikisha Henry mkubwa haandikwi mara mbili kana kwamba ni watu wawili.

Jibu la pili

Naongezea jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha urithi huu, nalo ni benki. Sir Richard Hoare wa kwanza, babu yake Henry, aliianzisha London mwaka 1672, na utajiri wa Stourhead ulitoka huko, si kwenye kodi za wakulima. Wenye benki wa wakati huo waliwajibika kwa madeni yake kwa mali zao wenyewe, hivyo Henry akahofu kwamba benki ikianguka itaondoka na shamba pia. Mwaka 1783 alimkabidhi mjukuu Stourhead kwa sharti kwamba ajitoe kabisa katika biashara ya benki. Kijana akakubali, na baadaye akajulikana zaidi kwa kufukua makaburi ya kale ya Wiltshire.

Muulizaji

Ahsanteni sana. Baada yake shamba lilimwendea nani?

Jibu la pili

Mwanawe wa pekee alifariki mwaka 1836, naye akafuata miaka miwili baadaye, ndipo mali ikaenda kwa Henry Hugh Hoare, ndugu yake wa baba mmoja. Ukoo uliishikilia mpaka mwaka 1946, ilipokabidhiwa National Trust, shirika la kuhifadhi majumba na ardhi za kihistoria, kwani mrithi pekee alikuwa amefariki katika Vita vya Kwanza vya Dunia.

Jibu la kwanza

Angalia pia tarehe za rejista za parokia. Kabla ya mwaka 1752 mwaka wa Kiingereza ulianza rasmi tarehe 25 Machi, kwa hiyo maziko yaliyoandikwa Februari 1740 ni ya 1741 kwa hesabu yetu. Na kila Henry na kila Richard mwekee mwaka wake wa kuzaliwa, maana ukoo huu haukuchoka kurudia majina hayo mawili.