Naomba ushauri: sola ya pamoja kwa familia 12

Habari zenu wakuu. Nasimamia jengo la familia 12 za kipato cha chini, tunataka kufunga sola juu ya paa. Paneli hazinisumbui, zinadumu miaka 25 na zaidi. Kinachoninyima usingizi ni betri. Zile za asidi ni nafuu, lakini ukizishusha chini ya nusu ya chaji kila siku zinakufa mapema, na humu kuna mtu atachomeka pasi usiku (namjua). Tujikaze tununue za lithiamu? Na malipo je: kila mlango na mita yake ndogo, au mchango sawa? Mama wa chumba cha mwisho ana taa mbili na redio tu. Aliyewahi kusimamia mfumo wa hivi, tafadhali anielekeze.