Mjadala: Programu ya kumsaidia mgonjwa kuchagua matibabu itumike hospitali za umma kama haifanyi kazi kwenye kitochi?

Wakuu, mimi nasema isitumike. Naeleza kwa nini, na mwenye hoja nyingine aje nayo.

Shangazi yangu ana uvimbe kwenye kizazi. Damu inamtoka mpaka analegea. Daktari alimweleza vizuri kwamba ana njia tatu: dawa za kupunguza damu, upasuaji wa kutoa uvimbe peke yake, au kutoa kizazi chote. Akasema uamuzi ni wao wawili, akatupa anwani ya programu yenye maelezo, tukaisome nyumbani kwanza.

Shangazi ana kitochi. Tukakaa mkekani, nikaifungua kwenye simu yangu kwa bando langu. Kiingereza kitupu, na asilimia kila mahali. Nikawa namtafsiria. Nilipofika kwenye kutoa kizazi nikapita haraka, maana moyoni sikutaka akatwe. Akanitazama.

"Hapo umeruka nini, mwanangu?"

Niliona aibu sana. Daktari alitaka waamue wawili, kumbe nimeshaingia wa tatu na nimeshika mizani. Na mimi nampenda. Kuna mwanamke anayesomewa na mume anayesubiri mtoto wa kiume, au na wifi asiyemtakia mema.

Sisemi programu hizi hazina faida. Mapitio ya mwaka 2024 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaochambua tafiti za afya, yalikusanya tafiti 209, na yanaonyesha kwamba wagonjwa wanaosaidiwa hivi huelewa zaidi hali yao na njia zilizopo. Lakini sehemu kubwa ya tafiti hizo ilifanyika nchi tajiri.

Najua jibu litakalokuja: tuanze na wenye simu janja, wengine watafuata. Watafuata lini? Mwaka 2012 hapa Tanzania kampeni ya Wazazi Nipendeni ilituma ujumbe mfupi wa bure, kwa Kiswahili, kwa wajawazito na wazazi wenye watoto wachanga. Kitochi kilitosha. Kwa hiyo kuanzia chini kunawezekana, tena ni zaidi ya miaka 10 sasa.

Ninachotaka ni namba ya kupiga bure, sauti ya Kiswahili chepesi, na uwezo wa kurudia kipande mara tano bila kumwomba mtu. Badala ya asilimia, iseme "kati ya wanawake 10, wangapi". Na isiache ujumbe kwenye simu, kwa sababu simu nyingi nyumbani ni za watu wawili watatu.

Pia waulizwe wagonjwa wenyewe kabla haijatengenezwa. Programu ile ilieleza kwamba baada ya kupasuliwa tumbo na kutolewa kizazi, kupona huchukua wiki 6 hadi 8. Swali la shangazi lilikuwa moja: wiki zote hizo, nani atambebea ndoo ya maji? Hapo palikuwa kimya, na kwake ndipo uamuzi ulipolala.

Wauguzi mliomo humu, nyie mnawasomeaje wagonjwa wenu? Na watengenezaji, gharama ya sauti ni kubwa kiasi hicho kweli?

Shangazi anarudi kliniki Jumanne. Nimemrekodia kurasa zote kwa sauti, pamoja na ile niliyoiruka, nikaziweka kwenye memori kadi ya kitochi chake. Anasikiliza peke yake, jioni, akiwa jikoni.