Tupeane uzoefu: nani amejitengenezea taa za spoti za pikapu mwenyewe?

Wasee habari za jioni. Nataka wale walijitengenezea spoti kwa mikono yao, sio kununua seti na kuwekewa, waseme ilikuwaje. Nianze mimi mwenye swali.

Niko na Hilux ya zamani ya dizeli, taa zake za kiwanda ni kama koroboi. Natoa viazi Njabini usiku naleta soko la Marikiti, Nairobi, kwa hivyo ile barabara ya kushuka Flyover halafu Kimende hadi Limuru naijua na giza lake lote. Nikapata taa mbili za duara za Land Rover kuukuu, zile za inchi 7 za kuingiza bulbu ya H4, jamaa mmoja wa jua kali Kamukunji akanikunjia vikombe vya bati, nikachomelea vyuma vya kuzishikilia mbele ya bampa, nikazipaka rangi nyeusi. Kusema ukweli zilikuwa zinapendeza, hata mtoto wangu aliuliza kama tumenunua gari ingine.

Waya sasa. Nilichukua waya mwembamba wa spika ulikuwa umebaki kwa nyumba, nikatoa kwa betri moja kwa moja hadi swichi ya dashibodi halafu kwa taa, bila rilei (ile swichi inayoamshwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa) bila fyuzi. Siku ya kwanza safi, siku ya pili safi, ya tatu nikiwa nimekaribia Rironi nikasikia harufu nikadhani ni lori iko mbele yangu, kumbe ni swichi yangu inayeyuka, nikaigusa ikanichoma kidole. Nikang'oa waya kwa betri nikaendelea na zile koroboi hadi town.

Sasa nimeweka rilei na fyuzi, waya wa kuiamsha rilei nimeutoa kwa fulu (taa za mbali) ili spoti ziwake na fulu na zizime na dimu (taa za karibu). Shida ni kwamba inafanya kinyume. Nikiweka dimu spoti zinawaka, nikiweka fulu zinazima. Nimebadilisha rilei mbili. Mwenye amepitia hii aniambie.

Wa Hardbody, Kahawa West

Pole kaka, hiyo ya kinyume sijawahi kuona. Yangu ilikuwa ya LED. Nilinunua zile chipu za wati 10 Luthuli, nane, nikazibandika kwa kipande cha alumini ya dirisha nikajiona injinia. Mezani na betri peke yake zilikuwa zinawaka vizuri sana. Kufunga kwa gari na kuwasha injini, altaneta inatoa volti 14 na kitu, chipu zikaanza kufa moja moja kabla sijafika Githurai. Nikaambiwa LED haitaki kupewa umeme hivyo tu, inataka draiva ya kudhibiti ampea. Nikaweka draiva ya bei ya chini, sasa taa haziungui lakini nikiziwasha redio yote inakuwa shhhhh. Pia joto, ile alumini ni nyembamba, baada ya nusu saa huwezi kuishika. Nilizitoa nikarudi bulbu za kawaida.

Wa D-Max, Kitengela

Mimi waya zangu ziko sawa, makosa yangu yalikuwa kulenga. Nilisimamisha gari mbele ya ukuta jioni, nikapima vizuri kabisa nikafunga nati. Gari ilikuwa tupu. Kesho yake nimebeba nyasi nimejaza hadi juu, nyuma imelala pua imeinuka, spoti zinamulika matawi ya miti na macho ya watu. Barabara ya Namanga trela ikanipigia taa zote ilizonazo, sikuona kitu kama sekunde tatu hivi, niliendesha kwa imani. Siku hizi napima nikiwa na mzigo, na hata kwa mzigo nalenga chini kidogo kuliko vile moyo unataka. Na wewe wa viazi, gunia zako si mchezo, angalia hiyo.

Mdau, Umoja

Vikombe vya bati toboa tundu dogo chini. Vyangu vilijaa maji mvua ya Aprili nikawa natembea na samaki mbele.

Fundi wa waya, Grogan

Mwenye Hilux usinunue rilei ingine, hizo mbili zako ni nzima. Hizo Toyota za zamani nyingi hazikati chanya, zinakata athi (upande wa hasi, ule wa bodi). Taa kubwa inapata chanya kwa waya mmoja wa pamoja, halafu swichi ya dimu ndiyo inapeleka athi kwa dimu ama kwa fulu. Ukiwa kwa dimu ule waya wa fulu unaelea tu, chanya inapitia utambi wa fulu ndani ya bulbu inakuja hadi kwa rilei yako, na wewe mguu wa pili wa rilei umeufunga kwa bodi, lazima ivute. Ukiweka fulu ule waya unakuwa athi, athi kwa athi, rilei inalala. Kwa hivyo toa ule mguu kwa bodi upeleke kwa ule waya wa pamoja wa taa. Pima na testa kwanza usiniamini mimi. Kama rilei iko na dayodi ndani (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu), mguu ulioandikwa 86 uwe upande wa chanya, ukigeuza utachoma kitu.

Miguu ile mingine: 30 itoke kwa betri na fyuzi iwe karibu na betri, sio kule kwa taa, kwa sababu waya ukichunika njiani fyuzi ikiwa mbali haikusaidii. 87 iende kwa taa. Bulbu mbili za wati 60 ni kama ampea 10, weka fyuzi ya ampea 15 na waya wa milimita mraba 2.5. Waya wa spika wachia spika. Na athi ya taa kwaruza rangi hadi chuma kionekane, hapo watu wengi wanapaka rangi halafu wanalia taa ni hafifu.

Mwenye Hilux tena

Fundi ubarikiwe. Nimetoka nje sasa hivi na testa, ni vile umesema, waya wa pamoja uko na chanya. Nimehamisha ule mguu, fulu zinawaka, dimu zinazima. Athi nilikuwa nimepaka rangi juu, nimekwaruza, na jirani wa ghorofa ya tatu amefungua dirisha kuuliza nani anamulika chumba chake. Nalenga chini kesho nikishapakia gunia.