Naomba ushauri: visima vya Lokichar nivitawanye au nivisogeze karibu?

Jiwe_Mchanga: Wadau, hamjambo. Niko mwaka wa mwisho, jiolojia. Mradi wangu ni mpango wa kuendeleza mafuta ya Ngamia, eneo la mafuta katika bonde la Lokichar, Turkana. Nimetawanya visima ili gharama ishuke. Msimamizi amerudisha rasimu, pembeni kaandika tu: "Mchanga wako umeungana wapi?" Nimjibu vipi?

Mzee_wa_Rigi: Kijana, swali zuri hilo: anataka kujua kama mchanga wenye mafuta unaendelea kutoka kisima hadi kisima. Ule mchanga uliachwa na mito, na mto hautulii: unahama, unakata ulichokiacha jana, unafunika na tope. Ngamia-1, kisima cha kwanza pale, ilipotangazwa Machi 2012 kila mtu alishangilia unene wa mchanga wenye mafuta. Unene hausemi mchanga unafika wapi. Kisima jirani kinaweza kukosa nusu ya vipande hivyo.

Chukua kurba za gama (mchoro wa mionzi ya mwamba, unaotenganisha mchanga na tope), kisima kwa kisima. Mkondo wa mto huanza na mchanga safi chini, kisha tope linaongezeka kwenda juu, kwa hiyo kurba inachora kengele. Lakini usiunganishe kengele mbili kwa rula kwa sababu tu ziko kina kimoja! Shahidi ni presha. Soma majaribio ya 2015 ya Ngamia na Amosing, eneo jingine la mafuta la bonde hilo. Kisima kimoja kinatoa mafuta, jirani kinapimwa. Presha ya jirani ikishuka, mchanga wao umeungana.

Mkaa_Lodwar: Ajira zinatoka lini?

Nyakio_Petroli: 😂 Mwulize waziri. Jiwe_Mchanga, usisahau nta. Mafuta ya Turkana yana nta nyingi, yakipoa yanaganda. Ndiyo maana malori ya 2018 kwenda Mombasa yalitumia matangi ya kutunza joto. Ukisukuma maji baridi ardhini ili yasogeze mafuta kwenye visima, nta inaweza kuziba mwamba. Na maji yenyewe yalipangwa kutoka bwawa la Turkwel, kwa hiyo bei ya kuyafikisha iwemo kwenye hesabu zako.

Jiwe_Mchanga: Asanteni. Kwa hiyo nisogeze vyote?

Mzee_wa_Rigi: La, utafilisi mradi. Anza na kundi dogo: visima vichache vya kutoa, kimoja cha kuingiza maji, vyote kwenye mchanga uliothibitishwa na presha. Maji yakiingia kipande kingine, unalowesha mawe tu. Kundi likijibu, panua. Lisipojibu, angalia nyufa kwanza kabla ya kulaumu mto, maana Ngamia imeegemea ufa mkubwa wa magharibi mwa bonde.

Nyakio_Petroli: Na umbali wa visima uandike kama kiwango cha chini hadi cha juu. Namba moja msimamizi hatakubali.