Kijiji chetu huku Kisauni, Mombasa: sensa hatumo, ofisini hatumo, sisi ni watu wa nani?

Wapwani wenzangu, natoka ofisi ya naibu wa chifu sasa hivi, vumbi bado liko miguuni. Nisipoyasema haya leo nitapasuka.

Mpwa wangu ametimiza miaka 18, anataka kitambulisho. Leo ni mara ya nne kwenda. Mara ya kwanza twaambiwa tulete barua ya mzee wa kijiji. Tukaleta. Mara ya pili barua haina muhuri. Mzee atautoa wapi muhuri na hajawahi kupewa? Ya tatu, mlango una kufuli. Leo karani kafungua daftari lake, kapitisha kidole juu mpaka chini, kisha ati, "Hicho kijiji sikioni hapa. Andikeni cha jirani zenu." Mtoto akanitazama. Kijiji alichozaliwa, makaburi ya babu zake yako pale chini ya mkanju, aandike cha jirani!

Na watu wetu wamehesabiwa, wallahi. Mzee wetu ana daftari la shule alilolifunika kwa karatasi ya nailoni, kwa kuwa paa lake lavuja. Kila nyumba ina ukurasa wake: nani kaoa, nani kahamia Mtwapa, nani kafariki na siku gani, mtoto yupi kazaliwa. Kalamu hununua mwenyewe. Watu wakigombania mpaka wa minazi saa nane za usiku, yeye ndiye huamshwa. Halipwi hata shilingi. Daftari lile lina ukweli kuliko la karani, na hakuna ofisi inayolitambua.

Sensa nayo je? Usiku wa tarehe 24 Agosti 2019 tulikesha na taa kibarazani. Kijana wa kuhesabu akafika kesho yake na tableti, akaandika nambari kwa chaki milangoni, vizuri tu. Alipofika kwenye kijito akauliza kama ng'ambo kuna watu. Tukamwambia wapo, nyumba saba, vua viatu uvuke. Akasema atarudi. Milango saba ile haijaona chaki mpaka leo, na sensa ni kila baada ya miaka 10.

Hata sisi tuliohesabiwa tumeandikwa mjini. Hesabu ile yasema Mombasa ina watu 1,208,333, na wote ni wa mjini, wa kijijini hakuna hata mmoja! Mimi nachota maji ya chumvi kisimani, nalima muhogo, mbuzi wangu wanalala jikoni, nami ni mtu wa mjini sawa na anayekaa Kizingo, kwa matajiri kule kisiwani. Ukame ukija, Kilifi inatajwa, Kwale inatajwa. Sisi tumepakana na Kilifi, muhogo umekauka huku kama ulivyokauka kule, lakini tukipiga kelele twajibiwa, "Nyinyi mko Mombasa, njaa gani?"

Someni Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012. Kifungu cha 48 kinataja kaunti ndogo, wadi, kisha vijiji, na bunge la kaunti ndilo la kuamua viwe vingapi. Cha 52 kinataka kila kijiji kiwe na msimamizi. Cha 53, baraza la kijiji: msimamizi huyo na wazee wasiopungua watatu, wasiozidi watano. Miaka yote hii mimi sijamwona msimamizi wa kijiji chetu, hata wa kupita njia. Ukienda kwa watu wa kaunti wakwambia hayo ni ya chifu, na chifu ni wa serikali kuu. Ukienda kwa chifu, barabara na maji si yake, rudi kaunti. Nauli ya boda nalipa mimi, kwenda na kurudi.

Mpwa wangu hataandika kijiji cha jirani. Jumatatu twarudi naye, na safari hii mzee anakuja na daftari lake, na wale wa nyumba saba wanavuka waje nasi. Kama kuna mtu humu wa Likoni, Jomvu, popote Mombasa, ambaye kijiji chake kimepata msimamizi, aniandikie hapa chini ni wapi na walimpataje. Nataka kwenda na jibu hilo mkononi.