Ushauri wakuu: dada ana uvimbe ndani ya moyo (miksoma), tuko Kigoma

Mwana wa Ujiji:
Wakuu habari za humu, naombeni ushauri maana nyumbani hakukaliki. Dada yangu mkubwa ana miaka 41, muda mrefu anahangaika, akilala pumzi inabana akikaa inaachia, mara kizunguzungu, homa zisizoisha na amekonda sana, katibiwa malaria, taifodi, hadi pumu tukaambiwa. Juzi ndo kapigwa eko (kipimo cha picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) wakaona uvimbe chemba ya juu kushoto, daktari anasema sio kansa ila lazima opareshen, kaandika rufaa ya JKCI, hospitali ya moyo pale Muhimbili Dar. Sasa wazee wanasema kama sio kansa si asubiri tuuze mawese kwanza? Na shangazi anataka aende kwa mganga. Mnasemaje?

Nesi Mstaafu:
Mwanangu msisubiri mawese. Sio kansa kweli, ila mahali ulipoota ndo pabaya. Unaning'inia kwenye ukuta wa katikati kama embe kwenye kikonyo, damu ikipita unayumba, kwa mkao fulani unaziba mlango wa valvu ndo maana akilala anabanwa. Halafu ni laini, kipande kikimeguka kikaenda kwenye ubongo ni kiharusi hicho, hata kama jana alikuwa anatembea. Dawa ya kuuyeyusha haipo, ya hospitali wala ya mganga. Ukisikiliza kifua tu unafanana na valvu iliyobana kwa rumatiki (ugonjwa wa moyo unaotokana na maambukizi ya koo), wengi wanachelewa hapo.

Kibirizi Yetu:
Mama yangu mdogo alitolewa huohuo. Wanafungua kifua, mashine inashika kazi ya moyo na mapafu, wanakata uvimbe na sehemu ya ukuta uliposhikia, pakibaki tundu wanaziba, uvimbe unaenda maabara kuthibitishwa. Opareshen hii ilifanikiwa mara ya kwanza Sweden mwaka 1954, daktari Crafoord, kwa hiyo hawabahatishi. Sasa hivi mama analima, ila kila akiitwa eko anaenda maana mara chache huwa unarudi.

Mtu wa Gungu:
Treni msipande kabla hamjamuuliza daktari, safari ndefu ile na kulala kwenyewe shida. Kuhusu hela nendeni ustawi wa jamii palepale hospitali muombe msamaha wa gharama, msione aibu. Na mkiona mdomo umepinda, mkono umelegea au ameanguka, kimbieni usiku huohuo.

Mwana wa Ujiji:
Asanteni sana, nimewasomea wazee yote, wamekubali na shangazi kasema atamsindikiza mwenyewe. Kesho asubuhi naenda ustawi. Kuna mtu anajua pa kufikia karibu na Muhimbili kwa wauguzaji wawili?