Mjadala: Taifa Stars haijawahi kushinda mchezo AFCON. Tunakosa mabao, au tunakosa namna ya kuyalinda?

Ndugu wana mjadala,

Tangu Taifa Stars ilipofungwa 1-0 na Morocco mjini Rabat tarehe 4 Januari 2026, kwa bao la Brahim Díaz, hapa Dar es Salaam ni vigumu kupata kijiwe cha soka ambacho hakijagawanyika. Wapo wanaosema timu imeandika historia kwa kufika hatua ya 16 bora kwa mara ya kwanza, na kwamba anayelalamika ana lake. Wapo pia wanaosema kuwa timu iliyocheza fainali nne za Mataifa ya Afrika (AFCON) bila kushinda mchezo hata mmoja haina cha kushangilia, na kwamba hiyo 16 bora ilikuwa zawadi ya kanuni. Mimi naona pande zote mbili zinabishania hatua iliyofikiwa huku mchezo wenyewe ukizipita. Hoja ninayoiweka mezani ni kwamba katika fainali hizi za karibuni Stars imepata mabao ya kutosha kushinda angalau mechi tatu, ila ikishatangulia haiwezi kukaa na uongozi, na chanzo cha udhaifu huo kiko hapa hapa nyumbani, kwenye ligi tunayoisifia kila wiki.

Nianze na rekodi, kwa sababu wengi wanaizungumza kwa kukisia. Fainali ni nne: 1980 nchini Nigeria, 2019 nchini Misri, zile za 2023 zilizochezwa Ivory Coast Januari 2024, na hizi za 2025 nchini Morocco. Tumecheza michezo 13, tumetoka sare mitano, tumefungwa minane. Tumefunga mabao tisa na kufungwa 23.

Timu ya 1980 inastahili kutajwa kwa heshima kuliko inavyotajwa na vijana wa leo. Fainali zile zilikuwa na timu nane tu kutoka bara zima, na ili kufika huko ilibidi kuitoa Zambia mwaka 1979: tulishinda 1-0 nyumbani, kisha Peter Tino akafunga bao la sare ya 1-1 kule Ndola. Mjini Lagos tulifungwa 3-1 na wenyeji Nigeria, ambao ndio waliotwaa ubingwa, tukafungwa 2-1 na Misri, tukatoka 1-1 na Ivory Coast. Juma Mkambi alifunga bao moja na Thuwein Ally mawili, kwa maana kwamba kikosi kile kilifunga katika kila mchezo. Kilimaliza mkiani mwa kundi kikiwa na pointi moja, lakini sioni ni kwa kipimo gani mtu anaweza kukibeza.

Baada ya hapo ikapita miaka 39. Ndiyo miaka iliyoupa nguvu msemo wa Mzee Ali Hassan Mwinyi kwamba soka letu ni kichwa cha mwendawazimu, ambacho kila kinyozi anajifunzia kunyoa. Tarehe 24 Machi 2019, pale Uwanja wa Taifa ambao sasa unaitwa Uwanja wa Benjamin Mkapa, Simon Msuva, Erasto Nyoni na Aggrey Morris waliifunga Uganda 3-0 na tukafuzu chini ya kocha Emmanuel Amunike. Furaha ile ilikuwa ya haki. Hata hivyo tulikwenda Misri tukapoteza michezo yote mitatu, tukafungwa mabao manane, katika kundi lililotoa bingwa, Algeria, na mshindi wa pili, Senegal.

Sasa niijibu hoja ya zawadi ya kanuni, kwa kuwa ina ukweli ndani yake na si vizuri kuikwepa. Tangu 2019 fainali zina timu 24, na timu nne zilizoshika nafasi ya tatu zikiwa na matokeo bora huvuka makundi. Kule Ivory Coast Stars ilipata pointi mbili ikamaliza ya mwisho. Zambia iliyokuwa juu yetu ikiwa na pointi mbili hizo hizo nayo ilirudi nyumbani. Kule Morocco pointi mbili zimetuvusha, kwa sababu Angola, iliyokuwa na pointi sawa na tofauti ya mabao sawa na yetu, ilikuwa imefunga mabao mawili na sisi matatu. Kwa hiyo ni kweli kwamba idadi ya pointi haijabadilika hata moja kati ya fainali hizo mbili, na anayezipima kwa hatua iliyofikiwa anajidanganya. Lakini wanaodharau kuvuka kwa nafasi ya tatu wakumbuke pia kuwa Ivory Coast yenyewe ilivuka hivyo hivyo Januari 2024, baada ya kufungwa michezo miwili ya makundi, na ikaishia kubeba kombe. Kanuni iliwekwa kwa wote. Hapo sioni haja ya kubishana zaidi.

Kilicho na manufaa zaidi ni kuitazama michezo mitatu ambayo Stars ilikuwa mbele na haikushinda.

Wa kwanza ni dhidi ya Kenya, tarehe 27 Juni 2019 mjini Cairo. Msuva alifunga dakika za mwanzo kabisa. Michael Olunga aliposawazisha kuelekea mapumziko, Mbwana Samatta alirudisha uongozi papo hapo, kabla hata wenzetu hawajamaliza kushangilia. Tukaenda mapumziko tukiwa mbele 2-1, tukarudi tukafungwa mawili, mchezo ukaisha 3-2. Timu iliyoongoza mara mbili dhidi ya jirani inayemfahamu vizuri ilitoka bila hata pointi moja.

Wa pili ndio unaoniuma zaidi. Tarehe 21 Januari 2024, mjini San Pédro, Msuva aliifunga Zambia dakika ya 11. Kabla ya mapumziko Roderick Kabwe alitolewa kwa kadi nyekundu, na kipindi chote cha pili tulikuwa 11 dhidi ya 10. Benchi lilikuwa chini ya Hemed Suleiman, kwa kuwa kocha Adel Amrouche alikuwa amefungiwa na CAF, shirikisho la soka la Afrika, kwa kauli zake kuhusu Morocco. Ukiurudia mchezo ule utaona jambo la ajabu: kadiri dakika zilivyokwenda, waliopungukiwa mtu ndio waliokuwa na mpira, na waliokamili ndio waliokuwa wakiubutua kwenda mbele, ambako hapakuwa na wa kuushika. Kila ulipobutuliwa ulirudi. Dakika ya 88 Zambia walipata kona, Clatous Chama akaipiga, Patson Daka akaruka na kuupeleka mpira wavuni kwa kichwa. Chama wakati huo alikuwa mchezaji wa Simba. Mguu uliotuma kona ile tulikuwa tukiushangilia hapa mjini kila mwisho wa wiki.

Wa tatu ni wa Uganda, tarehe 27 Desemba 2025. Msuva alifunga kwa penalti kabla ya saa ya mchezo kutimia, na mambo yalionekana kuwa shwari, lakini zikibaki dakika kumi hivi Uche Ikpeazu akasawazisha. Katika dakika za nyongeza Uganda walipata penalti na Allan Okello akaipaisha juu ya lango. Sare ile wengi waliisherehekea kama pointi iliyookolewa, na kwa picha ya mwisho ni kweli iliokolewa, ingawa kwa muda mrefu kabla ya hapo ilikuwa ni pointi tatu. Ukitaka ushahidi mwingine, tazama mchezo wa kwanza dhidi ya Nigeria: Charles M'Mombwa alisawazisha dakika ya 50, na Ademola Lookman akafunga la ushindi dakika ya 52. Dakika mbili!

Naomba kwa hiyo tuache kuimba kuwa hatuna washambuliaji kana kwamba hapo ndipo jambo linapoishia. Timu inayokosa mabao peke yake haiongozi mara kwa mara. Kwa upande wa ulinzi pia kuna maendeleo yasiyokanushika: mabao manane katika michezo mitatu ya 2019, manne katika mitatu ya Ivory Coast, matano katika minne ya Morocco, ambako hakuna aliyetufunga kwa tofauti ya zaidi ya bao moja. Kinachokosekana kiko katikati ya ulinzi na ushambuliaji. Hatuna watu wa kuupokea mpira dakika ya 75, kuutuliza, kuuficha, kuchukua faulo, kuupeleka kwenye kibendera cha kona na kuwachosha wapinzani.

Kwa nini hatuna? Hapa ndipo najua nitapingwa, na karibuni. Kanuni za Ligi Kuu zinaruhusu klabu kusajili wachezaji wa kigeni hadi 12. Simba na Yanga wameitumia nafasi hiyo kwa akili, na matunda yameonekana: Yanga walicheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023, na Simba wakafika fainali hiyo hiyo mwaka 2025. Lakini tazama wageni hao wanacheza wapi. Kwa misimu kadhaa safu ya mabeki wa kati wa Yanga imekuwa ya Dickson Job, Bakari Mwamnyeto na Ibrahim Bacca, Watanzania watupu, na si bahati kwamba ulinzi wa Stars ndio uliokomaa. Mbele yao walikuwa Stephane Aziz Ki, Pacôme Zouzoua na Fiston Mayele. Kwa upande wa Msimbazi, yaani Simba, mfungaji bora wa ligi msimu wa 2024/25 alikuwa Jean Charles Ahoua kutoka Ivory Coast. Klabu zetu zinapoongoza ugenini katika mashindano ya Afrika, kazi ya kukaa na mpira robo saa ya mwisho hupewa mgeni, na Mtanzania hubaki na kazi ya kuondosha hatari. Akija Stars anafanya kile anachofanya kila wiki: anaondosha hatari, na mpira unarudi.

Mabao yenyewe yanathibitisha. Katika fainali tatu za karibuni tumefunga mabao sita: matatu ya Msuva, ambaye amefunga katika kila moja ya fainali hizo, moja la Samatta, moja la M'Mombwa na moja la Feisal Salum dhidi ya Tunisia. Kati ya wote hao, ni Feisal pekee aliyekuwa akicheza Ligi Kuu yetu alipofunga.

Najua jibu zito zaidi dhidi yangu, na ni bora nilitaje mwenyewe kuliko kusubiri litajwe. Kwenye CHAN ya Agosti 2025, inayochezwa na wachezaji wa ligi za ndani tu, Stars ilizifunga Burkina Faso 2-0, Mauritania 1-0 na Madagascar 2-1, ikatoka 0-0 na Jamhuri ya Afrika ya Kati, na kutolewa robo fainali kwa 1-0 na Morocco, waliokuja kuwa mabingwa. Pale vijana wa ligi hii hii waliongoza na wakalinda. Mtu anaweza kusema basi kwamba ligi haina kosa, na kwamba tunachokosa AFCON ni uzoefu tu. Mimi najibu kwamba michezo ile yote tulicheza Uwanja wa Mkapa, Temeke, mbele ya watu wetu, dhidi ya vikosi ambavyo nyota wao wa Ulaya hawakuruhusiwa kucheza. Hata hivyo nakiri kuwa hoja hiyo inanipa shida, hasa ule mchezo wa Madagascar ambao Clement Mzize alifunga mabao mawili mapema na tukaumaliza tukiwa mbele. Mwenye kuujua vizuri aueleze.

Sipendekezi wageni wafukuzwe. Klabu zikishuka Afrika hata hao mabeki wetu watakosa mechi kubwa zilizowakomaza. Ninachopendekeza ni kidogo na kinapimika: kombe la shirikisho la ndani, ambalo vigogo hulichukulia kwa uzito tofauti na ligi, liwekewe sharti la idadi ya chini ya Watanzania uwanjani, wakiwemo viungo wa kati, kwa dakika zote 90. Pili, michezo ya kirafiki ya tarehe za FIFA itafutwe ugenini, kwa wapinzani wa Afrika Magharibi na Kaskazini, badala ya kuchagua wale tunaojua tutawafunga. AFCON ya 2027 tunaiandaa pamoja na Kenya na Uganda, na maandalizi ya viwanja, ukiwemo ule mpya wa Arusha, yanazungumzwa sana kuliko maandalizi ya viungo wa kati.

Wachangiaji wanaoamini kuwa tatizo letu ni washambuliaji tu, naomba wasinijibu kwa kutaja majina ya klabu wala kwa kurudia matokeo niliyoyaweka hapo juu. Wachukue kipindi cha pili cha mchezo wa Zambia, Stars ikiwa na watu 11, wapinzani 10, bao liko mkononi tangu dakika ya 11, kisha wanieleze mshambuliaji gani wa ziada angeizuia kona ile ya dakika ya 88 isipatikane.